Aliyemng'ata Mwalimu

Simu ilipoita, Mama Chiriku alikuwa amezama nusu mwili ndani ya mashine ya kufulia, anavutana na mashuka ya hospitali yaliyojisokota kama kamba. Kazi yake ilikuwa hiyo: kufua, kukamua, kupiga pasi na kukunja. Wodi sita, mashuka mia tatu kwa zamu, bila kuhesabu magauni ya wagonjwa.

"Simu yako hiyo, mara ya nne sasa," msimamizi alimpigia kelele kutoka kwenye meza ya kukunjia. "Pokea, au izime tupumzike."

Akajifuta mikono kwenye aproni. Aliyepiga alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya bintiye.

"Mama, njoo umchukue mtoto wako. Amemng'ata mwalimu."

"Amemng'ata nani?"

"Mwalimu wake wa darasa. Mkononi. Damu imetoka. Njoo sasa hivi."

Chiriku alikuwa na miaka sita na nusu, darasa la kwanza, muhula wa pili. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu tangu alipojua kusema hakupumzika. Alizungumza akila, akioga, akivalishwa viatu. Alitaka kujua kwa nini mkate una matundu, na kama samaki hupiga chafya. Jambo moja tu ndilo lililomfunga mdomo. Kila jioni mama yake alimuuliza, "Shule vipi leo?" naye alijibu, "Nzuri." "Mmejifunza nini?" "Sijui." Kisha anarukia habari za paka wa jirani. Mama alirudi nyumbani miguu imevimba, na "nzuri" ilimtosha.

Alimkuta kwenye benchi nje ya ofisi, miguu inaning'inia bila kufika chini, sketi ya sare imelowa nyuma. Mama alidhani amemwagikiwa na maji. Ndani, mwalimu wa darasa, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi, alikuwa amesimama dirishani na mkono wake umefungwa bendeji. Mwalimu mkuu alikaa nyuma ya meza yenye madaftari ya mahudhurio mpaka kidevuni.

"Tangu nianze kazi hii," alisema mwalimu mkuu, "nimeona watoto wa kila aina. Wa kung'ata sijawahi."

Aibu ilimpanda Mama Chiriku kichwani kama moto. Alitoka nje, akamshika mtoto begani, akamsimamisha mbele yao.

"Umekuwa mbwa wewe? Kwa nini umemng'ata mwalimu? Sema! Kwa nini?"

Mtoto akatazama sakafu.

"Si unaona," alisema mwalimu. "Ndivyo alivyo. Ukimuuliza, kimya."

"Nini kilitokea kabla?" mama aliuliza.

"Kabla ya nini?"

"Kabla hajakung'ata."

"Mama, nina watoto sabini na wanane mle ndani. Nilikuwa namsaidia kuandika."

"Unamsaidia vipi?"

"Namsaidia. Kama mwalimu anavyomsaidia mtoto." Mwalimu akageukia dirisha.

Mwalimu mkuu akatoa hukumu yake. Wiki moja nyumbani. Akirudi, amwombe mwalimu msamaha mbele ya darasa zima. Asipoomba, atafutiwe shule nyingine. Mama Chiriku aliomba radhi kwa niaba ya mtoto, akaomba tena mlangoni, akaondoka shingo imelegea. Lakini hatua ishirini nje ya geti, aibu ile iligeuka kuwa hasira, na hasira ilimwangukia aliyekuwa karibu.

"Kwa nini, Chiriku? Nakuuliza, kwa nini? Unataka kunifukuzisha kazi? Unataka watu waseme nimezaa mnyama? Kwa nini?"

Alipoinua mkono kumpiga, mtoto hakukinga uso. Alificha mkono wake wa kushoto nyuma ya mgongo. Mkono wa mama ukabaki hewani. Hakuelewa alichokiona, lakini hakupiga.

Jioni alimsimulia mumewe, fundi seremala, mtu wa maneno machache ambaye maranda hayakumwisha nyweleni hata siku ya mapumziko.

"Mwalimu alisema alikuwa anafanya nini?" aliuliza Baba Chiriku.

"Anamsaidia kuandika."

Aliacha kutafuna. Kisha akaendelea. "Basi akaombe msamaha yaishe," alisema, akainuka kabla sahani haijaisha.

Kesho yake hapakuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo Mama Chiriku akaenda naye kazini, akamkalisha juu ya furushi la mito kwenye chumba cha kukunjia. Msimamizi alinung'unika, akaambiwa kwamba akitaka alalamike kwa mwalimu mkuu, namba ipo. Mama Chiriku siku hiyo hakuwa wa kuguswa. Alikuwa anapiga pasi kama anayemwadhibu mtu.

Saa nne nesi wa wodi ya watoto akaingia na toroli la mashuka machafu. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, ambaye wafuaji wote walimwita Dada Nesi.

"Na huyu mgonjwa wa nani?"

"Si mgonjwa. Huyu kang'ata mwalimu."

Dada Nesi alimtazama mtoto, halafu mama. "Kilichompata ni nini?"

"Nimemuuliza kwa nini mara mia moja, Dada. Midomo kama imeshonwa."

"Ndiyo maana hasemi." Nesi alishusha sauti, akamvuta pembeni karibu na mashine ya kukausha. "Mimi nina watoto ishirini wodini. Siku za mwanzo niliwauliza kama wewe: kwa nini unalia, kwa nini umetoa sindano. Wakanikodolea macho. Mtoto mdogo ukimwambia 'kwa nini', tayari umemweka kizimbani. Anasikia: jitetee. Sasa atajitetea vipi, na maneno yenyewe hana? Mwambie akuonyeshe. Mpe ualimu, wewe uwe mwanafunzi. Fanya anachosema, na usimkatize. Hata ukisikia kitu cha kukuchoma, meza kwanza."

"Nikacheze shule, na mashuka haya?"

"Una dakika thelathini za chakula. Kula haraka."

Mama Chiriku alikasirika hata na ushauri. Yeye, mtu mzima, acheze shule? Lakini saa ya chakula ilipofika, aliacha kopo lake bila kulifungua. Alifunga mlango wa chumba cha kukunjia, akavuta kiti.

"Chiriku, mimi leo ni mwanafunzi. Wewe ni mwalimu. Nifundishe."

Mtoto alimwangalia kwa mashaka. Kisha akateremka kutoka kwenye furushi, akaokota hanga la nguo, akasimama wima. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Kimya nyie! Toeni madaftari. Nani huyo anahema?"

Mama akakaa kitini, akajifanya anafungua daftari. Akashika penseli ya kuandikia namba za wodi.

"Siyo hivyo," alisema mtoto. "Shika na mkono mbaya."

"Mkono mbaya ni upi, Mwalimu?"

Chiriku akaugusa mkono wa kushoto wa mama yake kwa ncha ya hanga. Mama akahamisha penseli. Na hapo mtoto akageuka, akachomoa kamba ya gauni la mgonjwa kwenye lundo, akapiga magoti. Aliuzungushia ule mkono kamba pamoja na mguu wa kiti mara tatu, akapitisha ncha chini, akakaza, akafunga fundo, akafunga la pili. Mtoto ambaye kila asubuhi alishindwa kufunga kamba za viatu vyake.

"Mkono huu ni wa chooni," alisema kwa ile sauti. "Utakaa hapa mpaka kengele. Haya, andika a."

Mama akainama, maana alivyofungwa hakuweza kukaa wima, akaandika kwa mkono wa kulia.

"Darasa, tazameni. A yake imelala kama mlevi. Mchekeni."

"Na mimi nafanya nini, Mwalimu?"

"Hakuna. Wanacheka tu."

Maneno makali yalimjia Mama Chiriku. Akayameza. "Nikitaka kwenda chooni?"

Hanga likashuka. Sauti ya mwalimu ikaondoka, ikabaki ya mtoto wa miaka sita na nusu. "Unasema, mwalimu naomba kwenda. Mwalimu anasema, maliza mstari. Unamaliza, lakini mstari haujanyooka, unaandika tena. Halafu unajikojolea. Halafu wanacheka zaidi. Halafu mwalimu anakuja kukufungua, na mkono wake uko hapa." Akaweka kiganja chake karibu na mdomo. "Hapa kabisa."

Mashine ya kukausha ilikuwa inaunguruma upande wa pili wa ukuta. Mama Chiriku alitaka kuuliza, "Mbona hukuniambia?" Swali lilifika kwenye ulimi. Aliliona kuwa ni lile lile la kizimbani lililobadilisha nguo tu, akalirudisha.

"Anakufunga siku zipi?"

"Siku za kuandika."

"Nani mwingine anajua?"

Chiriku alimshangaa. "Nyumbani mnajua. Mwalimu alisema nyumbani mnajua, na ndivyo mnavyotaka."

Fundo lile lilimshinda kulifungua kwa mkono mmoja. Ilibidi mtoto amfungue.

Hakuomba ruhusa. Alimwambia msimamizi, "Natoka," akamwacha mtoto kwa Dada Nesi, akavua aproni njiani. Alitembea katikati ya barabara, na wenye baiskeli ndio waliompisha.

Watoto walikuwa wameshaondoka. Mwalimu alikuwa peke yake darasani, anasahihisha. Mbele yake palikuwa na mnara wa madaftari, pembeni mnara mwingine. Viti viwili vya mstari wa mbele vilikuwa na vitambaa vya kijani vinavyoning'inia miguuni.

Mama Chiriku alikishika kimoja, akakikokota kiti mpaka kwenye meza. Miguu ya kiti ililia kwenye saruji.

"Hiki ndicho kumsaidia?"

Mwalimu akavua miwani. "Mama, ungebisha hodi."

"Umemfunga mwanangu kama mbuzi! Umemnyima choo, amejikojolea, umewaambia wenzake wamcheke! Na mimi nimekuja hapa jana kukuomba msamaha. Mimi! Nikiinama!"

"Usinipigie kelele."

"Nitakupigia mpaka paa lifumuke!"

Basi mwalimu naye akasimama, na ikaonekana kwamba naye alikuwa na hasira zake za muda mrefu, zilizokuwa zinasubiri mtu wa kumwagiwa.

"Unanipigia kelele mimi? Kikao cha wazazi nimeita mara mbili. Ulikuja?"

"Nilikuwa zamu."

"Kila mtu yuko zamu! Na mimi hapa niko zamu. Watoto sabini na wanane, wazazi waliokuja ni kumi na mmoja. Nimeandika kwenye daftari la mawasiliano mara tatu: mtoto wako anapata shida ya kuandika, njoo tuzungumze. Saini ipo. Ya nani hii?"

Alilitupa daftari mezani. Mama Chiriku akaliona. Saini yake, mara tatu, ile ya kuandika umesimama mlangoni, mtoto kavaa begi, mkate mdomoni. Alikuwa ametia saini kila ukurasa alioletewa na hakuusoma hata mmoja. Hilo lilimpiga. Lakini halikumpoza.

"Hujaandika kwamba unamfunga."

"Kwa sababu mlinituma." Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Soma."

Ilikuwa imeandikwa kwa penseli pana, ya seremala, herufi kubwa zinazoegemeana.

*Mwalimu. Huyu mtoto anatumia mkono wa kushoto. Naomba umzoeshe wa kulia kwa njia yoyote. Mimi pia nilizoeshwa hivyo. Baba Chiriku.*

Aliisoma mara mbili. Miaka tisa ya ndoa, hakuwahi kupata hata mistari miwili kutoka kwa mwenye mwandiko ule.

"Njia yoyote," alisema mwalimu. "Hayo si maneno yangu."

Mama Chiriku alikunja ile karatasi polepole. "Kufunga, sawa, nitajua wa kumuuliza. Na choo? Baba yake aliandika hapa umnyime choo? Na kuchekwa? Nionyeshe mstari wenyewe."

Mwalimu akakaa tena kitini.

"Hayo ni yako, Mwalimu. Hayo ubebe mwenyewe. Kesho asubuhi tunakuja wote watatu. Na kile kiti kingine, sijui cha mtoto wa nani, kifungue leo."

Karakana ya mumewe ilikuwa mtaa wa tatu. Alikuwa anapiga randa mbao za kitanda, anaimba puani. Alipoiona ile karatasi mkononi mwa mkewe, aliacha kuimba.

"Umeandika nini hapa?"

"Si unasoma."

"Nataka nisikie kwa mdomo wako."

Baba Chiriku aliweka randa chini. Aliwaambia vijana wake wawili waende wakanywe chai, wakaenda haraka, maana uso wa yule mama uliwatosha.

"Nilifungwa mkono mwaka mzima," alisema. "Mwalimu asubuhi, baba yangu jioni. Kwani nimekufa?"

"Hujafa. Angalia lakini." Alimshika mkono wa kushoto, ule wenye kidole cha shahada kilichopungua pingili moja. "Hiki kilikatwa na nini?"

"Msumeno."

"Ukiwa umeushika na mkono gani?"

Walijua wote wawili: wa kulia. Misumari aligongelea kwa kushoto pale alipodhani haonekani, na kazi hiyo ikatoka safi. Mbele ya wateja alitumia kulia, polepole, jasho likimtoka.

"Watu walinicheka," alisema mwishowe. "Barabarani, mezani, kila mahali. Nikimpa mtu kitu kwa mkono huu, ananikazia macho mpaka nibadilishe. Sikutaka achekwe."

"Amechekwa na watoto sabini na saba! Kwa amri! Akiwa amelowa!"

Mumewe akakaa kwenye ubao wa kitanda ambacho hakijaisha. Habari ya kulowa hakuwa nayo. Aliuliza mara mbili kama ni kweli. Mke wake alimwona anavyoumia na hakumwonea huruma. Siku nyingine labda. Siku hiyo, hapana.

"Ungeniambia kwanza," alisema.

"Ningekuambia, ungekataa."

"Kwa hiyo ulijua."

Aliondoka akamwacha na neno hilo.

Kesho yake asubuhi waliingia ofisini kwa mwalimu mkuu, baba amevaa shati la heshima, mama katikati, mtoto ameshikwa mkono. Mwalimu wa darasa alikuwa ameshakaa. Mwalimu mkuu akatabasamu lile tabasamu la kumaliza mambo.

"Mtoto asubiri nje kidogo. Haya ni mazungumzo ya wakubwa."

"Mkono ni wake," alisema Mama Chiriku. "Atakaa."

"Mama, utaratibu wetu..."

"Wakubwa tumeshazungumza vya kutosha. Tumeandikiana, tumetia saini, tumeitana. Wote tumezungumza kuhusu huyu mtoto, hakuna aliyezungumza naye." Akavuta kiti cha tatu, akamkalisha bintiye, yeye akabaki amesimama.

Baba Chiriku alikohoa. Kusema mbele ya watu kwake ilikuwa kazi kuliko kubeba kabati. Lakini alisema. Alisema kwamba aliandika karatasi ile, kwamba alikosea, kwamba anaifuta. Hakumtazama mwalimu alipokuwa anasema. Alimtazama binti yake.

"Vizuri," mwalimu mkuu akapiga viganja mezani. "Tumeelewana. Basi mtoto aombe msamaha, aingie darasani."

"Ataomba kwa kung'ata," alisema mama. "Na yeye ataombwa kwa kufungwa."

Mwalimu wa darasa alinyanyua uso. "Mimi nimwombe msamaha mtoto wa miaka sita?"

"Huyo huyo. Ulipomfunga alikuwa na miaka hiyo hiyo."

"Nikifanya hivyo, kesho darasani nani atanisikia? Mnajua maana ya watoto sabini na wanane? Kuna aliyewahi kukaa humo hata saa moja?"

"Hapana," alisema Mama Chiriku. "Na hilo ni kosa letu, nitalibeba. Sasa beba lako."

Mazungumzo yakakwama. Mwalimu mkuu akaanza kupanga kalamu. Hapo ndipo Chiriku aliyekuwa anabembea miguu akauliza, kwa sauti yake ya nyumbani, ile ya samaki kupiga chafya:

"Mwalimu, utanifunga tena?"

Hakuna aliyekuwa amejiandaa kwa swali hilo. Mwalimu alimtazama mtoto kwa muda, kama anayemwona bila wale sabini na saba kwa mara ya kwanza.

"Hapana."

"Hata Baba akisema?"

"Hata baba yako akisema."

"Na nikitaka kwenda chooni na mstari haujanyooka?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake. "Utakwenda," alisema. "Mstari utakusubiri."

Chiriku alifikiri. "Samahani nilikung'ata. Mkono wako ulikuwa na ladha ya chaki."

Baba Chiriku alitoa sauti ya ajabu puani. Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa kwenye kalamu zake. Hata Mama Chiriku nusura acheke, na hilo lenyewe likamkasirisha, maana alihofia kwamba kicheko kitalainisha kila kitu, watu wapeane mikono, waondoke, na lile neno lisisemwe.

Na kweli halikusemwa. Mwalimu hakuomba msamaha siku hiyo. Alisema tu, akiwa mlangoni, bila kumtazama mtu: "Atakaa mwisho wa dawati, upande wa kushoto. Asigongane viwiko na mwenzake." Halafu akanyoosha mkono wenye bendeji, na Chiriku, baada ya kumtazama mama yake, akakishika kidole kimoja, wakaenda darasani. Ile wiki moja ya kufukuzwa, hakuna aliyeitaja tena.

Nyumbani, mambo hayakunyooka haraka hivyo. Kwa siku tisa Mama Chiriku alimwambia mumewe yale ya lazima tu: maji yamekwisha, mlango haufungi. Mumewe hakulalamika. Siku ya kumi alimkuta amekaa sakafuni na mtoto, wameweka karatasi kati yao, wote wawili wanaandika a kwa mkono wa kushoto, na ya baba ndiyo mbovu zaidi. Chiriku alikuwa anamkemea. Mama alipita akaenda jikoni. Hakusema kitu, lakini jioni hiyo alimpakulia chakula mwenyewe.

Daftari la mawasiliano sasa alilisoma, neno kwa neno, amekaa. Na kila siku akirudi kutoka kazini, kabla ya kuvua viatu, alikuwa mwanafunzi kwa dakika kumi. Hakuuliza tena shule vipi. Alijifunza nani analia wakati wa hesabu, nani hakai na nani, nani anaficha ufutio. Siku moja yule mwalimu wa hanga alisema, "Jana nilikuwa mkali, samahanini darasa," na mama akatulia na penseli yake. Hakujua kama neno hilo lilisemwa kweli darasani au mtoto alilitunga. Aliandika kwenye daftari chini ya saini: *Mwalimu, nina mapumziko siku ya nne ya wiki. Naweza kuja kukaa darasani saa moja, nikusaidie kuchonga penseli.* Jibu lilirudi kesho yake, neno moja: *Njoo.*

Hasira yenyewe haikwisha. Ilipata kazi. Getini, asubuhi, alianza kuzungumza na wazazi wengine. Kile kiti cha pili chenye kitambaa kilikuwa cha binti wa mshonaji viatu, mtoto ambaye kila jioni naye alisema shule ilikuwa nzuri. Mshonaji alisikiliza akiwa ameshika kofia, kisha akakiri kwamba kwenye daftari la mawasiliano hutia alama tu pale anapoonyeshwa, kwa sababu kusoma hajui, na shuleni hakuna aliyewahi kumuuliza. Mpishi wa hoteli akasema mtoto wake hurudi na chakula kizima kwenye kopo na hasemi kitu. Mama mwingine alisema anasikia haya kuingia mle ofisini, unajiona kama wewe ndiye uliyefeli.

"Usimuulize kwa nini," Mama Chiriku aliwaambia, mmoja mmoja. "Mwambie akuonyeshe. Na kaa chini kwanza, maana utayaona."

Wakaenda, wakacheza shule, wakayaona. Wiki iliyofuata walirudi getini na nyuso nyingine.

Asubuhi hiyo mwalimu mkuu alikuwa ndiyo kwanza anafungua dirisha la ofisi yake aliposikia hodi. Akageuka, akamwona.

"Mama Chiriku. Tena?"

"Tena," alisema, akasogea kumpisha mshonaji viatu, na mpishi, na mama mwenye haya, na wengine watatu waliokuwa nyuma yao.

Mwalimu mkuu alihesabu kwa macho. "Viti havitoshi humu ndani."

"Tutasimama," alisema Mama Chiriku, akafunga mlango.